Tarehe za Kliniki za Mtoto Mwenye Sindromu ya Down: Ipi Isisogezwe, Ipi Ingoje

Mtoto mwenye sindromu ya Down huandikiwa tarehe nyingi mwaka wake wa kwanza: moyo, damu, masikio, macho, viungo, uzito, na chanjo juu yake. Kila chumba huandika tarehe yake bila kuangalia ya mwenzake. Daktari wa moyo hajui kwamba Jumatano hiyohiyo unangojewa kwa mtaalamu wa viungo, na maabara haijui kwamba jibu lake ndilo linalomkwamisha daktari wa watoto. Mzazi ndiye pekee anayeziona tarehe zote kwa pamoja, kwa hiyo kuzipanga ni kazi yake. Inakuwa rahisi ukishajua ni tarehe ipi ikipita inaleta madhara yasiyorekebishika, na ipi inaweza kungoja wiki tatu mpaka nauli ipatikane.

Tumewaandikia walezi wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Vihiga, Siaya na majirani zao, ambao kliniki za karibu ziko hospitali ya kaunti na safari za mbali ni za Eldoret au Nairobi.

Tarehe zisizosogezwa

Moyo kwanza. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na wiki za kwanza kasoro kubwa inaweza isisikike kabisa kwa stethoskopu. Sababu ni kwamba presha ya mapafu ya mtoto mchanga bado iko juu, hivyo damu haipiti kwenye tundu kwa kasi ya kutoa mlio. Kwa hiyo usiridhike na maneno "moyo uko sawa, nimesikiliza." Omba picha ya moyo, yaani eko, wiki za kwanza za maisha, hata kama mtoto ananyonya vizuri.

Ikiwa eko imeonyesha tundu kubwa katikati ya moyo, tarehe zinazofuata hazina mchezo. Tundu hilo hupeleka damu nyingi mno mapafuni, na mishipa ya mapafu ikipigwa na presha hiyo miezi mingi hukakamaa. Ikishakakamaa, upasuaji hauwezekani tena. Watoto wenye sindromu ya Down hufika hapo mapema kuliko wengine, na ndiyo sababu upasuaji wa tundu kubwa la katikati kwa kawaida hulengwa kati ya miezi 3 na 6. Hapa kuna mtego ambao umewanasa wazazi wengi. Mtoto aliyekuwa akihema na kutokwa jasho kila akinyonya anaweza kutulia ghafla kwenye miezi hiyo, akaanza hata kuongeza uzito. Nyumbani watu wanashukuru kwamba amepona, tarehe inaachwa. Kumbe huenda mishipa ya mapafu imeanza kukaza na damu haiingii tena kwa wingi. Mtoto mwenye tundu akitulia bila upasuaji, mrudishe kliniki upesi zaidi.

Tarehe za thairoidi, tezi iliyo shingoni, zinafuata. Damu hupimwa akizaliwa, miezi 6, miezi 12, kisha kila mwaka maisha yake yote. Homoni ya tezi hiyo ikipungua, ubongo unaokua unaumia. Tatizo ni kwamba dalili zake ni usingizi mwingi, ulegevu, kukosa choo na ngozi kavu, na hizo zote jirani na hata wahudumu husema "ndivyo watoto hawa walivyo." Macho hayawezi kutofautisha, kipimo cha damu kinaweza.

Hesabu kamili ya chembe za damu ifanywe siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Watoto wachache huwa na chembe nyeupe zisizo za kawaida ambazo mara nyingi hutoweka zenyewe, lakini baadhi yao hupata saratani ya damu kabla ya miaka 4. Kama jibu la kwanza lilikuwa na kasoro, tarehe za kurudia kipimo zishikwe hata mtoto akiwa na afya ya kupendeza.

Mtoto wa jicho naye hangoji. Akizaliwa, daktari amulike mboni zote mbili. Weupe kwenye mboni unahitaji daktari wa macho ndani ya siku chache, kwa kuwa jicho lisilopata mwanga wiki za mwanzo halifundishi ubongo kuona. Kama mboni ziko safi, uchunguzi kamili wa macho ufanywe karibu na miezi 6. Kwa watu wa Vihiga, Kakamega na Kisumu, hospitali ya macho ya Sabatia ni jirani kuliko wengi wanavyodhani.

Masikio yapimwe akizaliwa na tena miezi 6. Njia za masikio yao ni nyembamba, nta huziba haraka, na maji hukaa nyuma ya ngoma bila maumivu. Tarehe hii ikisogea wiki mbili si kitu. Ikisogea miezi sita, mtoto atakuwa amepoteza nusu mwaka wa kusikia maneno.

Chanjo zifuate kijitabu cha kliniki kama za mtoto mwingine yeyote: wiki 6, 10 na 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18, na chanjo ya malaria kwa kaunti za ukanda wa ziwa zinazoitoa. Ukifukuzwa dirishani kwa sababu "huyu ana shida ya moyo," omba kuzungumza na nesi mkuu. Tundu kwenye moyo si sababu ya kunyima chanjo. Mtoto huyu ndiye anayeihitaji zaidi, maana kifua chake kikishikwa na nimonia hulemewa haraka.

Zinazoweza kungoja

Mazoezi ya viungo ni muhimu, lakini ndiyo kliniki inayoweza kupunguzwa safari bila kumdhuru mtoto, mradi kazi yenyewe iendelee nyumbani. Wazazi wengi huandikiwa kila wiki. Baada ya mwezi nauli inaisha, wanaacha kabisa, na wanaona haya kurudi. Afadhali useme mapema: "Ninaweza kuja mara moja kwa mwezi. Nionyeshe ya kufanya nyumbani." Omba ruhusa umrekodi mtaalamu kwa simu akifanya kila zoezi na mtoto wako mwenyewe. Rekodi fupi, zoezi moja moja, ili shangazi au nyanya anayebaki na mtoto azione pia. Mwulize pia namna ya kumbeba, kwa sababu shingo laini na mapaja yanayofunguka sana hayabebwi kwa leso kama ya mtoto mwingine.

Kupima uzito kunaweza kufanyika zahanati ya karibu badala ya hospitali kubwa, ila tumia mizani ileile kila mara na mvue nguo zote. Gramu 200 za sweta na nepi iliyolowa zimewahi kuficha mwezi mzima wa kutoongezeka.

Kwa maoni yetu, kama mwezi huu kuna nauli ya safari moja tu, iende kwa moyo. Kama moyo ni mzima, iende kwa damu.

Daftari na faili

Nunua daftari kubwa la jalada gumu na faili moja ya plastiki yenye mifuko. Simu husaidia, lakini simu huibiwa, huzimika, na nesi hawezi kuandika ndani yake. Kurasa mbili za mbele ziwe kalenda ya mwaka, tarehe zote za hospitali zote mahali pamoja. Ukurasa wa tatu uwe wa dawa. Zinazobaki ni za ziara, kila moja na ukurasa wake, kwa mpangilio uleule. Mfano:

Jumanne 4 Machi. Kliniki ya moyo.
Uzito kilo 4.6, bila nguo. Oksijeni 94.
Walichosema: tundu liko vilevile, dozi ya dawa ya kupunguza maji mwilini imeongezwa.
Kurudi: Jumanne 1 Aprili, saa mbili asubuhi.
Kuja na: jibu la damu la figo na potasiamu.
Kuuliza: barua ya Eldoret iko tayari lini?

Mstari wa "kuja na" ndio unaookoa safari. Sababu kubwa ya kurudishwa nyumbani mikono mitupu ni jibu la maabara ambalo halijatoka. Muulize daktari siku hiyohiyo: "Ukiniona tena utataka kipimo gani?" Kisha nenda maabara wiki moja kabla. Kipimo cha thairoidi mara nyingi hutumwa maabara nyingine, basi uliza ni siku ngapi. Na kama thairoidi na hesabu ya damu zimeangukia mwezi mmoja, omba zitolewe kwa sindano moja. Mishipa ya watoto hawa ni migumu kupatikana, na kuchomwa mara nne kwa ajili ya karatasi mbili tofauti ni mateso yasiyo na lazima.

Kwenye faili weka ripoti zenyewe. Neno "kawaida" lililoandikwa pembeni ya kadi halimsaidii daktari wa Eldoret, anataka ripoti ya eko yenye vipimo. Kabla hujatoka chumbani, omba nakala yenye muhuri, ipige picha, na umtumie picha mtu mmoja unayemwamini. Weka pia nakala mbili za karatasi ya kuzaliwa na kitambulisho chako, pamoja na namba za faili za kila hospitali. Hospitali moja inaweza kuwa na namba tofauti kwa kliniki ya moyo na kwa kliniki ya watoto, na ukitoa isiyo sahihi faili hutafutwa mpaka saa sita.

Kuunganisha tarehe

Kliniki za wataalamu huwa na siku yake ya wiki. Kabla ya kukubali tarehe, uliza siku za kliniki zote unazohitaji hospitalini hapo, uziandike nyuma ya daftari. Ukiwa Nakuru kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo wengi bado huiita PGH, au Kisumu kwenye hospitali ya Jaramogi, ambayo wengi huiita Russia, unaweza kupata siku ambayo kliniki ya watoto iko asubuhi na mazoezi ya viungo mchana. Mwambie nesi wa zamu: "Ninatoka Bondo, ninaweza kupewa zote siku moja?" Wengi watakusaidia ukiuliza kabla tarehe haijaandikwa kitabuni. Ikishaandikwa, inakuwa vigumu.

Epuka kuunganisha kliniki ya macho na kitu kingine baada yake. Dawa ya kupanua mboni humfanya mtoto aumizwe na jua kwa saa kadhaa, na hatatulia popote. Mbebee kofia yenye ukingo.

Siku yenyewe

Piga simu siku moja kabla. Uliza mambo mawili: daktari yupo, na mashine inafanya kazi? Umeme, mgomo, semina na mashine mbovu vimewarudisha watu wengi kutoka mlangoni. Namba ya kliniki iombe ziara ya kwanza na uiandike kwenye jalada la daftari.

Eko huhitaji mtoto aliyetulia. Mwulize mhudumu kama watampa dawa ya usingizi. Kama ndiyo, fuata saa walizokupa za kutokula, bila kumhurumia na maziwa kidogo njiani, maana kipimo kitaahirishwa. Kama hapana, fika naye akiwa na njaa kidogo, umnyonyeshe kitandani mashine ikipita kifuani. Mvishe nguo inayofunguka mbele. Kipimo cha masikio kinataka alale fofofo, basi mzuie kulala kwenye matatu. Ni kazi ngumu, lakini mtoto aliyelala njia nzima huamka akiwa macho kabisa mbele ya mashine.

Kwenye foleni kaa karibu na dirisha au nje ya mlango, mbali na wanaokohoa, na umwombe jirani akuitie namba yako. Kwenye matatu au tuktuk mshike mbele kifuani kichwa kikiwa kimeegemezwa, kidevu kisizame kifuani. Shingo yake ni laini, na kidevu kikizama njia ya hewa hubanwa bila yeye kulia.

Ukikuta kliniki imefungwa, usiondoke bila tarehe mpya iliyoandikwa na mtu. Tarehe ya moyo ikiahirishwa mara mbili, usingoje ya tatu. Nenda kwa daktari wa watoto umwombe rufaa ya hospitali nyingine.

Safari za rufaa

Kutoka Kisumu hadi Eldoret ni takriban kilomita 120, na kutoka Nakuru ni zaidi ya 150. Hospitali ya Moi, yenye jengo la watoto la Shoe4Africa, ndiyo rufaa ya wengi wa magharibi. Tenwek kule Bomet hufanya upasuaji wa moyo, na Nairobi kuna Kenyatta na Mater. Kokote uendako, barua ya rufaa iwe na jina la mtoto kama lilivyo kwenye karatasi ya kuzaliwa, ugonjwa, sababu ya rufaa, sahihi na muhuri. Herufi moja ya jina ikitofautiana na ile ya SHA, bima ya afya ya serikali, malipo hukwama.

Safiri siku moja kabla na ubebe nguo nzito, kwani asubuhi za Eldoret ni baridi kwa mtoto wa Kisumu. Na kama mtoto ana kikohozi au homa, piga simu kabla ya kupanda gari: upasuaji huahirishwa mtoto akiwa na maambukizi, na utakuwa umetumia nauli ya watu wawili bure. Uliza pia kama ndugu watatakiwa kuchangia damu, ili uwatafute mapema.

Dawa

Makosa mengi hutokea hapa, na hutokea kwa wazazi makini. Mfano ni kaptoprili, dawa ya moyo inayoshusha presha. Kidonge cha miligramu 25 kikiyeyushwa kwenye mililita 5 za maji, kila mililita moja ina miligramu 5, na daktari anakuandikia uvute kiasi fulani kwa sirinji. Mwezi unaofuata duka la dawa lina vidonge vya miligramu 50 tu. Unayeyusha vilevile, unavuta vilevile, na mtoto amepata dozi mara mbili. Presha yake inashuka, analegea, na hakuna anayejua kwa nini. Kwa hiyo ukurasa wa dawa uandikwe vitu vinne kwa kila dawa: nguvu ya kidonge, maji ya kuyeyushia, mililita za kuvuta, na miligramu za dozi. Kila ukinunua, soma nguvu kwenye pakiti mbele ya mfamasia. Mwombe pia achore mstari kwenye sirinji kwa kalamu isiyofutika. Dozi hufuata uzito, basi uzito ukibadilika sana uliza kama mstari nao unasogea.

Kidonge cha thairoidi husagwa, kikachanganywa na maji au maziwa ya mama kwenye kijiko, akapewa kabla ya kunyonya, saa ileile kila siku. Usikitie kwenye chupa nzima, maana asipoimaliza hutajua amepata kiasi gani. Dawa ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, ikae mbali nayo kwa saa 4. Na akianza kula, angalia unga wa uji. Mchanganyiko wa wimbi, mtama na soya ni chakula kizuri, lakini soya huzuia dawa hii kuingia mwilini. Mpe uji huo mchana na dawa alfajiri, na umwambie daktari kwamba anakula soya.

Nunua dawa ya moyo ikiwa imebaki ya wiki moja, si siku ya mwisho.

Malipo

Mwandikishe mtoto chini ya SHA kama mtegemezi mara tu unapopata karatasi ya kuzaliwa, kupitia *147# au dawati la hospitali. Zahanati na vituo vya afya hutibu bila malipo kwa waliojiandikisha. Hospitali kubwa ni jambo jingine: kabla ya kila kipimo uliza dawatini kipi kimelipiwa na kipi utatoa mfukoni. Ukishindwa, muone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla bili haijapanda, na uende na barua ya chifu. Uliza pia siku ambayo kamati ya kutathmini ulemavu hukaa, ili uanze kumsajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Usingoje tarehe

Nenda hospitali saa hiyohiyo akiwa na midomo au ulimi wa buluu, akikataa kunyonya, mbavu zikibonyea akivuta pumzi, au akitapika nyongo ya kijani. Tumbo lililojaa bila choo pia ni dharura, kwa kuwa watoto hawa huweza kuzaliwa na sehemu ya utumbo isiyosukuma. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kabla ya miezi 2, na 50 au zaidi kuanzia hapo mpaka mwaka mmoja, ni kasi mno. Mtoto mwenye tundu anaweza kuhema haraka kila siku, basi andika hesabu yake ya kawaida ili uijue inapopanda.

Weupe usio wa kawaida viganjani na madoa ya damu chini ya ngozi yanahitaji kipimo cha damu siku hiyo. Na ukiona anajikunja ghafla mikono ikiruka, tena na tena kwa mafungu, hasa akiamka, mrekodi kwa simu na uende na rekodi hiyo. Hiyo inaweza kuwa degedege ya watoto wachanga ambayo huonekana kama kushtuka tu, na mbele ya daktari mtoto kwa kawaida hafanyi.

Baada ya mwaka wa kwanza

Moyo ukiwa mzima au umeshapasuliwa, tarehe hupungua. Zinazobaki ni thairoidi na damu kila mwaka, masikio kila miezi 6 mpaka yathibitike kuwa sawa, macho kwa ratiba ya daktari, na meno yakishaota. Akikoroma sana au kuacha kupumua usingizini, mwambie daktari hata kama si siku yake. Kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo, EARC, kinaweza kumwona kabla ya umri wa shule. Hamishia tarehe hizi kwenye daftari jipya kila Januari, na ukurasa wa dawa uunakili upya kutoka kwenye pakiti zilizoko nyumbani, si kutoka kwenye ukurasa wa zamani.